Baba Mwenye Mimba

Wiki yangu ya mwisho kazini, Nadine alinifuata mezani akiwa na ile tableti yake. Walikuwa wakihamisha mafaili ya zamani kutoka kabatini kwenda kwenye mashine, na faili moja lilikuwa limegoma. Kwenye kisanduku cha jina la baba palikuwa na jina la mwanamke, na mbele ya neno jinsia nilikuwa nimeandika mwenyewe, kwa wino mweusi: mwanamke. Kila Nadine alipoliingiza, mashine ilitoa maandishi mekundu na kukataa kuendelea.

"Tata Muteba," akaniambia kwa heshima zake zote, maana kwetu tata ni baba, "mi naona mulikosea hapa. Nitengeneze?"

"Usiguse."

"Lakini inakataa, tata."

"Iache ikatae kwanza. Nitakueleza."

Sikumweleza siku ile kwa sababu walikuwa wameniandalia soda na hotuba. Shefu wa sasa wa ofisi, kijana aliyekuja Kolwezi juzi tu, alinisifu kwa uvumilivu na kwa mchango wangu katika sekta. Sijui sekta ni kitu gani. Mimi nilikuwa natafuta jamaa za watoto waliopotea, basi. Kwa hiyo naandika haya nyumbani, kwa ajili ya Nadine na wenzake waliobaki pale, na wakiona nimewadharau mahali, wajue nimejidharau mimi kwanza. Vyeo vyangu sitavitaja. Vilikuwa viwili, na kimoja nilipewa kwa kuchanganywa na mtu mwingine.

Nilitoka Kisenge, kwenye machimbo ya manganizi, nikiwa na cheti cha shule na viatu vya kaka yangu. Ofisi ya watoto ilikuwa vyumba viwili nyuma ya zahanati, na siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mama Veronika, mama mnene aliyekuwa mkunga kabla ya kuja kwetu. Nilitegemea kupewa meza. Alinipa mkoba wake niubebe. Ndani mlikuwa na chanuo la mbao, kopo la vazelini, uzi mweusi, mkasi mdogo wa kucha na daftari la shule. Nikafikiri nimepelekwa kwa msusi kwa makosa.

Siku ile tulikuwa na mvulana wa miaka mitano hivi aliyeokotwa karibu na soko. Mimi, kwa akili yangu ya cheti, nilichuchumaa mbele yake nikamuuliza jina la baba yake. Akalia. Mama Veronika alinisukuma kando kwa goti, akakaa chini, akauchukua mkono wa mtoto na kuanza kumkata kucha. Alikata tatu bila kusema kitu. Kisha akamuuliza ni nani anayemkata kucha nyumbani. Mtoto akajibu. Akamuuliza huyo mtu anakula nini asubuhi, anakasirika kwa sababu gani, analala upande gani wa kitanda, anavaa nini akienda kusali. Alipofika kidole cha mwisho tulikuwa tumeshajua mtaa, kanisa na jirani mwenye mbwa. Jina la baba hatukulijua, na jioni mtoto alikuwa kwa bibi yake.

"Mutoto hana kazi na majina," akaniambia tukirudi. "Anajua mikono. Uliza mikono inafanyaka nini."

Kwa wasichana alitumia chanuo. Kwa wavulana, mkasi. Nilimbebea mkoba ule miaka minne, na ukweli ni kwamba niliuonea aibu. Marafiki zangu walifanya kazi kiwandani wakivaa kofia ngumu, mimi napita mtaani na mkoba wa mama wenye vazelini ndani. Mama Veronika alipostaafu aliniachia mkoba, na chanuo ndani yake. Nikamshukuru sana, nikaliweka kwenye droo ya pili, nikafunga.

Mwaka uliofuata nilipelekwa semina. Wiki tatu, chakula cha bure, mwalimu aliyesema Kifaransa cha puani. Tulirudi na fishi. Fishi ilikuwa karatasi ndefu ya maelezo ya mtoto, yenye visanduku: baba, mama, kaka, dada, babu, bibi, na mwishoni kisanduku kidogo sana kilichoandikwa "jamaa wengine", chenye nafasi ya kutosha jina la mbuzi. Niliipenda fishi ile kuliko nilivyompenda mchumba wangu. Nilikuwa na kalamu mbili, karatasi ya kaboni na muhuri. Sasa nilionekana mtu wa ofisi.

Hapa ndipo niwaeleze jambo ambalo vijana wengi wa leo mnalisikia kwa wazee wenu tu. Kampuni ya migodi, iliyolisha mji mzima, ilianza kufa. Mashine zilisimama moja moja, hospitali ikabaki na vitanda bila dawa, na watu waliozoea king'ora cha asubuhi wakaamka bila kujua waende wapi. Na kama kawaida ya watu walioshindwa, wakatafutwa wa kulaumiwa. Wakubwa walisimama kwenye majukwaa wakasema kosa ni la Wakasai, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, kwamba wamejaa kazini, warudi kwao. Kwao ni wapi, wakati wengi walizaliwa Kapata, kwenye zile nyumba za kampuni zilizopangwa kwa mistari, na Kasai hawajawahi kuiona? Hilo halikumsumbua mtu. Vijana ambao jana hawakuweza kusafisha hata ua wa mama zao wakajipa kazi ya kusafisha mji. Waliwaita majirani zao bilulu, yaani wadudu, halafu wakaingia kwenye nyumba za hao wadudu na kulala kwenye vitanda vyao bila kubadilisha shuka. Nimewaona. Wengine leo ni wazee wa kanisa na hunipa mkono.

Wakasai walikimbilia stesheni. Walikaa uani kwa reli, familia kwa familia, na magodoro, cherehani na sufuria zao, wakingojea treni ambazo zilikuja zilipojisikia. Wengi walingoja wiki nyingi. Na katika kukimbia kule, watoto walipotea, wakaletwa kwetu.

Ntumba aliletwa na muuza mboga mmoja siku mbili baada ya nyumba za mistari ya mwisho pale Kapata kuvamiwa. Alikuwa na miaka sita hivi, gauni la njano, hana kiatu. Nilimkalisha kwenye kiti, nikaweka fishi, nikaweka kaboni, nikaweka fishi nyingine chini yake. Nilivuta pumzi kama mtu mwenye cheo.

"Mama yako iko wapi?"

"Alikufa."

"Pole. Tata yako iko wapi?"

"Tata moja alienda na treni. Tata ingine iko na mimba."

Nikasimamisha kalamu. Tata Kalenga, karani wetu wa mapokezi, ambaye alikuwa na sikio la kila kitu isipokuwa kazi yake, akaingiza kichwa mlangoni.

"Iko na nini?"

"Mimba," akasema mtoto, na akatuonyesha kwa mikono yake ukubwa wake.

Tulicheka. Lazima niandike hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kalenga alicheka mpaka akashika ukuta, shefu akatoka chumbani kwake kuuliza kuna nini, akaambiwa, naye akacheka. Mtoto alitutazama mmoja mmoja, kisha akacheka kidogo pia, kwa adabu, kama mtoto anavyocheka na wageni. Baada ya hapo hakutaka kusema tena. Nilimbana nikapata jina moja tu la yule baba wa treni, Kabeya. Kwenye nafasi ya maoni nikaandika: "Mtoto amechanganyikiwa akili kwa sababu ya matukio. Maneno yake yasitegemewe." Nikapiga muhuri.

Sasa sikilizeni ujinga wetu ulivyo, kwa sababu si ujinga wa kutojua. Kwetu Kisenge, dada ya baba ni baba mwanamke. Kalenga, kwao hivyo hivyo. Shefu vilevile. Hakuna hata mmoja wetu aliyekulia nyumba ambayo shangazi si tata. Mimi mwenyewe nilikuwa na tata mwanamke aliyenilea miezi minane, aliyenipiga kwa mwiko, na nilimwita tata, kifupi, bila kuongeza kitu, mpaka tulipomzika. Ningekutana na mtoto yule kisimani, ningemwelewa kabla hajamaliza kusema. Lakini nilikuwa nyuma ya meza, na nyuma ya meza baba ni mtu wa suruali. Fishi ilisema hivyo. Lugha ya mama yangu nilikuwa naivua mlangoni asubuhi na kuivaa tena jioni nikienda nyumbani kula.

Ntumba tukampeleka kwa Mama Kayombo, mjane aliyekuwa akipokea watoto wetu kwa muda. Alikaa nyuma ya soko, hakuwa Mkasai, na alikuwa na mdomo ambao hata wale vijana wasafisha mji waliuogopa. Walipomjia kuuliza kama anaficha mtoto wa bilulu, aliwauliza majina ya mama zao, mmoja mmoja, kisha akawaambia atapita kwao jioni. Hawakurudi.

Mimi nikaenda stesheni kumtafuta Kabeya, maana kwamba ameshaondoka na treni ni maneno ya mtoto, na hayo nilikuwa nimeandika yasitegemewe. Niliomba kipaza sauti cha parokia, nikapanda baiskeli, nikasimama pale kati ya reli, katikati ya watu waliochomewa nyumba na watu wanaopiga kelele, na nikapiga kelele: "Kabeya wa Kapata! Kabeya wa Kapata ajitokeze!" Hakuna aliyejitokeza. Watu walinyamaza ghafla, mpaka wanawake waliokuwa wakitwanga wakaacha kutwanga. Nilizunguka mara tatu. Nikaandika: "Hakuna jibu. Baba hajulikani alipo." Nilijisikia nimefanya kazi.

Wiki tatu zikapita. Shefu aliamua kuwa mtoto asiye na jamaa apelekwe kwenye nyumba ya watoto huko Lubumbashi, akiwa na fishi yangu shingoni iliyosema asiaminiwe. Gari lilikuwa la Ijumaa.

Jumatano, mchana, Mama Kayombo aliingia ofisini bila kubisha, amemshika Ntumba mkono. Mtoto alikuwa na kichwa cha ajabu. Upande wa kushoto misuko imepangwa vizuri, upande wa kulia nywele zimesimama hewani.

"Muteba," akasema. Hakusema tata. "Mwanaume gani anasukaka mutoto nywele?"

Sikumwelewa.

"Nilikuwa namusuka kwa ajili ya safari yenu ya Ijumaa. Nikavuta. Ananiambia: mama, tata ye anasukaka pole pole, we unavuta. Nikauliza: tata gani? Anasema: tata ya mimba. Nikamuuliza: ule tata anavaaka suruali ao kitenge?" Akamgeukia mtoto. "Waambie."

"Kitenge," akasema Ntumba.

"Kitenge!" akarudia Mama Kayombo, na akapiga meza yangu mpaka muhuri ukaruka. "Dada ya tata yake! Mulisoma bote hapa, na hakuna hata mumoja mwenye iko na shangazi?"

Nilitaka ardhi inimeze na fishi zangu zote.

Kalenga, ambaye wakati huo nilidhani amekaa kimya kwa aibu, alikuwa amekaa kimya kwa sababu nyingine. Alivuta rejista ya wageni polepole, akaifungua nyuma wiki moja na nusu, na akaiacha mezani, yeye akatoka nje kana kwamba ameitwa. Nikasoma. Mwandiko wake mzuri, wa duara, aliousifia maisha yake yote: "Mwanamke mwenye mimba kubwa, kutoka stesheni. Anatafuta mtoto wa kike. Si mama yake. Anasema yeye ni baba. Hana karatasi ya kuthibitisha. Kichwa si kizima. Amerudishwa."

Hakuwa amefungua hata orodha ya watoto. Aliuliza kama ni mama, akajibiwa hapana, akauliza wewe ni nani basi, akajibiwa, akacheka, akaandika. Kwa hiyo ofisi ile ilikuwa na mtoto aliyesema baba yake ana mimba, na mwanamke mwenye mimba aliyesema ni baba, nusu mbili za kitu kimoja kwenye kabati moja, rafu ya juu na rafu ya chini. Na sisi watatu wenye mishahara tukazipita kila asubuhi kwenda kuchemsha chai.

Tulikwenda stesheni kwa miguu, mimi, Mama Kayombo na Ntumba na kichwa chake cha nusu. Treni ilikuwa imefika. Mabehewa ya mizigo yalikuwa wazi na watu walikuwa wanapandisha magodoro. Nilitaka kuita, nikakumbuka walivyonyamaza mara ile. Safari hii Mama Kayombo ndiye aliyeuliza, mwanamke kwa mwanamke, kwa sauti ya chini: yuko wapi Mbombo wa Kapata, dada ya Kabeya. Maana mtoto alipoulizwa vizuri, jina la tata yule alilijua siku zote.

Tulimkuta amekaa juu ya sanduku la bati kando ya behewa la nne. Ntumba aliuachia mkono wa Mama Kayombo akakimbia. Mbombo alimpokea kifuani, akambana mpaka mtoto akalalamika. Kisha Ntumba akarudi nyuma hatua moja, akamtazama, na akaweka kiganja kwenye kitenge cha shangazi yake, mahali ambapo tumbo lilikuwa.

"Tata, mimba iko wapi?"

Mbombo akakitoa kile kiganja taratibu, akakishika.

"Imebaki," akasema.

Jirani yake alitueleza. Alijifungulia pale uani, chini ya turubai, siku nne baada ya kufukuzwa ofisini kwetu. Mtoto wa kiume. Aliishi siku mbili. Walikuwa na maji ya mfereji mmoja kwa maelfu ya watu, na homa ilikuwa imeingia. Treni mbili zilikuwa zimekwisha kuondoka kabla ya ile, na nafasi alipewa kwenye zote mbili, kwa sababu ya hali yake. Alikataa zote mbili. Alisema hawezi kwenda kumwambia kaka yake kwamba ameacha mtoto wake Kolwezi.

Mbombo akanigeukia.

"Ni we ulikuwa unaita kaka yangu na ile mashine ya sauti?"

"Ndiyo, mama."

"Nilikusikia. Nikaambia batu yote banyamaze. Siku zile mutu akikuja kuita mwanaume kwa jina, ni kumuua." Akatikisa kichwa. "Nikakuja mwenyewe kwenu. Mukaniona wazimu."

Nilisema nisamehe, mama, na neno lilikuwa dogo mno, nikalisema tena. Hakunijibu, na hadi leo sidhani alikuwa na deni la kunijibu. Alimkalisha Ntumba katikati ya magoti yake, akaomba chanuo. Hakuna aliyekuwa nalo. Langu lilikuwa kwenye droo ya pili. Akatumia vidole, akaanza kusuka ule upande wa kulia, pole pole, na Mama Kayombo akasimama pembeni akishika ncha za uzi. Hawakuzungumza mengi. Mmoja aliuliza kama mtoto alikuwa anakula, mwingine akasema anapenda sombe, yale majani ya muhogo, isiyo na pilipili. Mmoja alisema usiku mtoto huita usingizini. Mwingine akasema anajua.

Kulikuwa na mtu wa orodha, amevaa kofia, mwenye kazi ya kuhakikisha hakuna mtoto anayepandishwa na asiye jamaa yake. Kazi nzuri, kwa kweli, siku zile watoto walikuwa wanaibwa. Alipofika kwetu akamuuliza Mbombo kama ni mama wa mtoto. Mbombo akasema hapana. Nikaona mlango uleule unafungwa tena mbele ya macho yangu.

"Wewe ni nani yake basi?"

Mbombo alinyamaza. Alikuwa ameshajifunza kwetu jibu lile huleta nini.

Nilitoa fishi mfukoni. Nikaikunjua juu ya goti langu, nikakata jina la Kabeya, na kwenye kisanduku cha baba nikaandika Mbombo. Jinsia, mwanamke. Nikashuka mpaka kwenye maoni nikafuta sentensi yangu ya kuchanganyikiwa, nikapiga mstari juu yake mpaka karatasi ikatoboka. Nikatia sahihi. Muhuri sikuwa nao, ulikuwa umeruka chini ya meza.

Mtu wa orodha akasoma. Akaanza kutabasamu.

"Cheka," nikamwambia. "Ukimaliza, andika."

Hakucheka. Akatazama kichwa cha mtoto, akatazama vidole vya Mbombo, akawaza kidogo. Nadhani akamkumbuka wa kwake. "Kumbe tata mwanamuke," akasema. "Si mungesema tu." Akaandika, akapita.

Treni iliondoka alasiri. Mama Kayombo hakupunga mkono. Alibaki ameshika kipande cha uzi mweusi, na tulipokuwa tunarudi alinitukana njia nzima, kutoka stesheni mpaka nyuma ya soko, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya kununua. Nilikubali kila tusi. Mlangoni kwake akaacha, akafunika uso kwa kitenge, akalia, na nikasimama pale mpaka aliponiambia niende.

Toka siku hiyo nilirudisha chanuo kwenye mkoba. Nilibeba mkoba ule mtaani nikiwa mtu mzima mwenye mvi, na walionicheka niliwaacha wacheke. Nilianza pia kuwaunganisha Ntumba na Mama Kayombo. Kwa kupitia watu wa reli, barua zilikwenda mpaka Mwene-Ditu, kule Kasai walikofikia, na kurudi, nyingine baada ya mwaka, nyingine zikiwa zimelowa. Mama Kayombo hakujua kusoma, nilimsomea mimi, na kila mara aliniambia nirudie mahali palipotaja nywele. Sehemu yangu ya kazi iliyo na maana ni hiyo: kubeba barua ambazo kisanduku chochote hakikuziomba.

Baadaye wataalamu wakaja. Kolwezi ilipoanza kutajirisha watu wengine tena, na vijana wakaanza kuosha mawe ya madini hadi karibu na taka za mgodi za Kingamyambo, tuliletewa semina kwenye hoteli yenye baridi ya mashine. Bwana mmoja aliwasha picha ukutani na kutueleza kwamba mtoto wa Kiafrika ana ukoo mpana, na kwamba ukoo huo ni rasilimali. Tuliandika. Kalenga aliandika kwa mwandiko wake mzuri. Alipoulizwa kama ana uzoefu wa kushiriki, alisema hana.

Mama Kayombo alifariki miaka mitatu iliyopita. Ntumba alikuja kutoka Kasai, siku tano njiani, akakaa matangani mbele pamoja na watoto wa kuzaliwa, na hakuna aliyemuuliza yeye ni nani pale. Aliposikia nastaafu alinipigia simu, na hapo ndipo nilipata sababu ya kuandika yote haya.

"Tata Muteba, kaka yangu amepata mutoto."

Kaka yake ni mdogo wake, Kabeya alimzaa huko baada ya kuoa tena. Nikampongeza, nikamuuliza wa kike au wa kiume.

"Wa kiume. Nilimushika mi wa kwanza. Tata Mbombo hana nguvu ya kutembea tena, akasema niende mi kwa nafasi yake." Nikasikia anacheka, kicheko kidogo cha adabu ninachokijua. "Sasa na mi niko tata."

Basi, Nadine. Faili hilo usilitengeneze. Chukua karatasi ya kawaida, kwa sababu mashine yako haitakubali, na uandike chini ya jina la Mbombo: Ntumba, mwanamke, baba wa mtoto mmoja wa kiume, Mwene-Ditu. Uifunge na faili kwa pini. Chanuo nimekuachia kwenye droo ya pili.